Karafuu yetu ina jina, ila jina halina mwenyewe

SUALA: Maalim, assalaam alaykum. Mie ni mtoto wa kike wa Kengeja, kusini Pemba. Baba yetu ana eka tatu alizoachiwa na babu, mikarafuu mingi ishazeeka na kaka yangu anashikilia tuikate tuuze viwanja. Nimesikia kuna lebo za kulinda jina la chakula cha mahala fulani, kama zile jibini za Ulaya, kwamba mtu wa nje akilitumia jina anashitakiwa. Karafuu yetu haiwezi kupata? Na ikipata itatusaidia sie wenye shamba na ardhi yetu, au watafaidi wafanyabiashara tu?

JIBU:

Wa alaykumu salaam mwanangu, na baba mfikishie salamu zangu. Ndani ya suala lako mna masuala matatu, la jina, la pesa, na la kaka na viwanja vyake, na wengi wakiniandikia huuliza la jina peke yake halafu wakaondoka. Yote ntayajibu, ila kuna pahala ntakaa sana na pengine ntapita mbio, unistahamilie.

La kwanza lina jibu fupi. Ndio, inaweza, na sheria ya kuanzia tunayo wenyewe Zanzibar tokea 2008, ile sheria ya mali za viwanda namba 4, maana mambo haya ya ubunifu na majina ya biashara si ya Muungano, kila upande una yake. Tena sheria yetu imevitaja viashiria vya kijiografia, ndizo hizo lebo za jina la mahala, waziwazi, kwa hio mlango upo. Lakini nakwambia mapema ili usije ukavunjika moyo baadae, lebo yenyewe haipandi mti na haimlipi mchumaji. Kinachofanya kazi ni masharti yanayoandikwa nyuma ya lebo, na nani alikuwa amekaa kwenye mkeka siku yakiandikwa. Kama wakulima hawakuwepo basi jina litalindwa na wao watabaki vile vile.

Tuanze na hicho kitu chenyewe ni nini, kwa sababu watu wanakichanganya na chapa ya biashara. Wewe ukifungua biashara ya viungo ukaipa jina ukaisajili, ile ni chapa, ni mali yako, utaiuza ukitaka, utaikodisha, ukifa wanao watarithi. Kiashiria cha kijiografia ni jina la mahala lililoshikana na zao kwa sababu ya udongo wa pale, hewa ya pale na mikono ya watu wa pale, na halina bwana mmoja. Kila anaelima ndani ya mpaka uliochorwa na akafuata masharti yaliyokubaliwa ana haki nalo, mwenye mikarafuu 500 na mwenye mikarafuu 15 sawasawa, na hapana mtu anaeweza kwenda kuliuza kwa kampuni. Wafaransa jibini yao ya Roquefort waliitungia sheria 1925, Ulaya ikaja kuweka mfumo mmoja wa vyakula 1992, halafu 1994 likaingia kwenye mkataba wa TRIPS wa biashara ya dunia, na humo sie tumo.

Ukitaka kuona kwa nini jina linahitaji ulinzi usende mbali, nenda Darajani ukaulize mchele wa Mbeya. Kila duka ni Mbeya, kila gunia ni Mbeya, sasa jiulize hio Mbeya ina mabonde mangapi. Mnunuzi hana njia ya kujua, na mkulima wa kule aliekesha na mpunga wake hapati hata senti moja ya sifa ile. Na kwetu vivyo hivyo, zile pakiti za viungo wanazouziwa wageni, zimeandikwa viungo vya Zanzibar, ndani mna mpaka zafarani, na zafarani haijapata kuota Unguja wala Pemba. Mara nyingi ni maua tu ya kuchovya rangi. Mgeni akifika kwao akaitia kwenye wali ikawa haina harufu hatosema muuzaji fulani alinidanganya, atasema viungo vya Zanzibar ni jina tu. Hasara hio inamfikia baba yako Kengeja ambae hata zafarani hajapata kuiona.

Sasa nataka uchukue karafuu mkononi, usome huku umeishika. Karafuu njema ina kichwa chake, yaani kile kidonge cha juu bado kipo hakijadondoka, rangi yake hudhurungi iliyokoza, ukibonyeza kishina kwa ukucha mafuta yanatoka unayaona yanang'aa. Itie kwenye bilauri ya maji. Ilokuwa nzima husimama wima au huzama, iliokwisha mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Mafuta hayo ndio thamani yote, karafuu nzuri inabeba kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake, na kwenye mafuta sehemu kubwa kabisa ni eugenoli, ile inayokufanya ulimi ufe ganzi ukiitafuna kwa maumivu ya jino.

Na ubora huo hauji wenyewe. Umechumwa ukoko, yaani tumba la karafuu, wakati umeanza kuwa mwekundu na kabla ya ua kufunguka, ukachambuliwa na makonyo yake, yale matawi madogo ya shada, jioni ile ile barazani, ukaanikwa juu ya jamvi siku nne au tano za jua ukigeuzwa, mvua ikitoa sauti tu watoto wote mbio kukunja. Ukilala mbichi umerundikwa kwenye gunia usiku mmoja, asubuhi unakuta ushapata moto ndani, ukikauka unakuwa mweupe mweupe umesinyaa, daraja la tatu kama umebahatika. Ukiuanika kwenye lami unakauka haraka, kweli, lakini unakula vumbi na mafuta ya magari, na mnunuzi wa nje ana maabara, anaona kila kitu. Haya yote bibi yako anayajua bila ya kuandikiwa. Kuyaandika ndio kazi ya kwanza ya kiashiria, kwa sababu unapokwenda kuomba ulinzi hawakuulizi kama karafuu yenu tamu, wanakuuliza inatofautiana vipi na ya Madagaska na nini kwenye ardhi yenu na kazi yenu kinaifanya hivyo. Hapo unahitaji sampuli zilizopimwa, za misimu kadhaa, za shehia tofauti. Maneno matupu hayasajiliwi.

Limebaki la jina lenyewe, na hili ni zito kuliko wanavyodhani wakubwa. Tuite nini? Dunia inaijua karafuu ya Zanzibar. Lakini sehemu kubwa ya karafuu inatoka Pemba, tokea kile kimbunga cha Aprili 1872 kilicholaza mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika kwa wingi wake. Watu wa Pemba wamechuma miaka 150 kwa jina la kisiwa chengine machoni mwa mnunuzi, na wakisikia leo jina linasajiliwa bila ya Pemba kutajwa watasusa, na mimi sitawalaumu. Kuna njia, wenzetu wameipitia. Wafaransa kwenye Cognac, pombe yao ya zabibu, wana jina moja kubwa na ndani yake majina ya vipande vya ardhi, mwenye kipande cha sifa anakitaja kwenye chupa. Kwa hio ukiniuliza mie nasema jina kubwa liwe Zanzibar kwa sababu ndilo lenye soko, na ndani yake Pemba itajwe kwa herufi zinazosomeka, na Unguja nao wa Donge na Kizimbani wataje yao. Ila hili wakae wakulima wa visiwa vyote viwili, lisiamuliwe ofisini.

Na lipo jambo wengi hawalijui, Indonesia wana aina ya mkarafuu wanaoiita Zanzibar. Si wizi, ni jina la mbegu, wanalo siku nyingi, ndio mkarafuu unaopendekezwa sana kupandwa kwao. Na mkarafuu asili yake kule kule, visiwa vya Maluku, Ternate na Tidore, ukapita Visiwa vya Maskarene, yaani Morisi na Reunion, ukafika kwetu mwanzo wa karne ya 19, Seyyid Said akalazimisha upandwe. Na zamani Indonesia walikuwa ndio wateja wetu wakubwa, kwa sigara zao za kretek zinazotiwa karafuu, mpaka walipopanda wakajitosheleza na soko letu likaanguka. Sasa fikiri siku tunakwenda kusajili jina Zanzibar la karafuu kwenye nchi za nje, mtu atanyanyua mkono atasema kwetu hili ni jina la aina ya mti. Hoja hio ina jibu, ila lazima liandaliwe kabla, na ndio sababu moja ya mimi kusema neno Pemba ndani ya jina ni silaha pia, maana hakuna mti unaoitwa Pemba.

Tuje kwenye pesa, nikuambie ukweli ulivyo. Lebo inalipa pale tu jina linapomfikia mlaji. Jibini linafika mezani likiwa na jina lake. Karafuu yetu nyingi inaondoka kwa magunia kwenda Asia, kule inachanganywa, inasagwa, inakamuliwa mafuta, inatiwa kwenye sigara, na jina linafia humo humo ghalani. Mwani ndio mfano mkali zaidi, akinamama wa Paje na Jambiani wanaulima tokea 1989, kazi ya maji ya shingo, lakini unakwenda mkavu viwandani kutengenezwa ute wa kugandisha vyakula na dawa za meno, na hakuna mtu duniani anaefungua dawa ya meno akauliza mwani huu wa wapi. Kwa hio kwa mwani ulioeksipotiwa mkavu mie sipotezi muda na lebo, labda ule unaofanywa sabuni na mafuta hapa hapa. Kwa karafuu naona ni lile fungu linalokwenda jikoni likiwa zima, kwenye pakiti ndogo, madukani ya nje, kwenye mahoteli yetu na mikononi mwa wageni. Ni fungu dogo la mavuno, sikufichi. Lakini kilo ile inaweza kumrudishia mkulima zaidi, na ikishakuwa na bei yake inavuta nyengine.

Wapo waliofanya na ikawaendea. Kameruni kuna pilipili manga ya Penja, inalimwa kwenye udongo wa volkano, ilisajiliwa 2013 na ilikuwa miongoni mwa majina ya mwanzo kabisa kusajiliwa na lile shirika la nchi za Afrika zinazosema Kifaransa, na 2022 ikaingia kwenye daftari la Ulaya. Bei anayopata mkulima ikapanda sana kulinganisha na zamani. Kambodia wana pilipili manga ya Kampot, vita na utawala wa Khmer Rouge viliimaliza karibu yote, ikafufuliwa na kulindwa kwao 2010, Ulaya 2016. Utaona wote wawili walianza nyumbani kwanza, na hili ni la sheria hasa: mkataba wa TRIPS unasema nchi hailazimiki kulinda jina ambalo halilindwi kwao lilikotoka. Maana yake mtu anaekwambia twende moja kwa moja Ulaya tukapige muhuri anakupotezea nauli.

Afrika Kusini na rooibos yao, yale majani mekundu ya chai, waliingia daftari la Ulaya 2021. Lakini la kujifunza kwao lilikuwa kabla, 2019, pale wenye viwanda walipokubaliana na watu wa Khoi na San, wenyeji wa asili wa kule, ambao wazee wao ndio walioyajua majani yale mwanzo, kwamba watalipwa asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Ujuzi ukapewa thamani ya pesa. Nikifikiria akinamama wa Pemba wanaochambua karafuu barazani mpaka usiku kwa malipo ya kubahatisha, mfano huu unanigusa.

Hapa ndipo nataka tukae. Umeuliza kuhusu ardhi yenu, na watu wengi wanaoziuza hizi lebo kwenye semina wanasema jina likilindwa basi ardhi nayo inalindwa. Si kweli hivyo hivyo. Meksiko walilinda jina la tequila, ile pombe yao, 1974. Masharti yao yakataka aina moja tu ya mkonge, ule wa bluu, na mkonge ule hawaupandi kwa mbegu, wanang'oa vichipukizi wanapanda, kwa hio shamba zima ni ndugu wa damu moja. Bei ikipanda kila mtu anapanda, miaka sita saba baadae unaiva wote pamoja bei inaanguka watu wanaacha, halafu unaadimika tena. Mwisho wa miaka ya 1990 maradhi yakaingia, na mimea yote sawa ikaugua sawa. Jina lilikuwa salama kabisa, shamba ndilo lililokuwa hatarini. Sheria iliandika kila kitu cha chupa na kidogo sana cha ardhi.

Sasa tazama jibini la Comté, la milima ya mashariki ya Ufaransa. Wao kwenye masharti waliandika aina ya ng'ombe, wakaandika kila ng'ombe awe na hekta moja ya majani kwa uchache, wakakataza majani ya kuvundikwa, wakaweka kikomo cha maziwa yanayotoka kwa hekta ili mtu asiikamue ardhi kwa mbolea, na maziwa yakusanywe karibu na kiwanda, hivyo viwanda vidogo vya vijijini vikabaki hai. Kwa hio mtu akitaka kulitumia jina, lazima atunze malisho. Jibini lilo ghali limewalipa wakulima wasitanue. Lebo ni ile ile, sheria ya Ulaya ni ile ile, tofauti ni karatasi ya masharti.

Ndio nikasema nguvu zenu zende kwenye masharti. Kama mimi ningekuwa kwenye mkeka huo Kengeja ningetaka yaandikwe haya. Karafuu yenye jina itoke kwenye shamba la mchanganyiko, mikarafuu na minazi na mifenesi na midalasini na pilipili manga chini yake kama wazee walivyofanya, sio msitu wa mti mmoja, kwa sababu mkarafuu una tabia ya kuzaa mwaka mmoja sana na miaka inayofuata kidogo, na mkulima asie na kitu chengine mwaka wa ukame wa karafuu ndie anaekata mti akauza kuni. Mwenye jina apande miche kila mwaka kwa hesabu ya miti yake, hata mitano tu, maana mche unachukua miaka sita mpaka minane kuanza kuzaa na ukisubiri mti wa babu ufe ndio upande umeshachelewa. Kuchuma iwe kwa kuvuta tawi kwa ndoana na kamba, si kulivunja, kwani tawi ulilolivunja leo umevunja na karafuu ya msimu ujao. Hakuna kuanika barabarani. Hakuna kuchanganya na makonyo, makonyo yana pahala pake, kile kiwanda cha mafuta Wawi kinayataka.

Na watu nao waandikwe. Mchumaji anapanda mti mrefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, kila msimu tunasikia kaanguka fulani, mwengine hanyanyuki tena. Mimi nimewahi kukaa hospitali na jirani yangu alieanguka, mgongo umekwenda, watoto wanne, na mwenye shamba alikuja siku moja na mfuko wa machungwa. Sina la kusema juu ya machungwa yale, alitoa alichokuwa nacho, lakini jina lenye hadhi duniani haliwezi kukaa juu ya mgongo wa mtu namna ile. Masharti yaseme ngazi na kamba nzima, fungu la pesa ya kila kilo litengwe kwa aliyeumia, na watoto wachume baada ya skuli na wasipande miti mirefu. Wanunuzi wakubwa wa nje siku hizi wanauliza kuhusu watoto kabla hawajauliza bei, kwa hio hata kibiashara inaingia akilini. Chai ya Darjeeling ina jina maarufu kupita kiasi, imesajiliwa India tokea 2004, na mpaka leo wachumaji wake, wengi wanawake, wanalalamika ujira mdogo. Jina kubwa halikuwafikia kwa sababu hawakuwemo kwenye karatasi.

Kuna suala utaulizwa na watu wa kikao, nani atakagua. Usilikimbie. Ukaguzi una gharama, na gharama hio ikiachiwa mkulima mmoja mmoja atakimbia, au atabaki tajiri peke yake na jina. Wanaofanikiwa hukagua kwanza wenyewe kwa wenyewe, shehia hii inakagua ile, kila gunia lina namba inayosema limetoka kwa nani, halafu mkaguzi wa nje anakuja kuchota sampuli chache tu. Namba ile ina faida ya pili ambayo watu wa Pemba mtaijua upesi, karafuu inayovuka usiku kwa magendo kwenda Kenya haiwezi kuwa nayo. Ikifika kule inakuwa karafuu tu, haina kwao. Sheria za kukataza magendo tumekuwa nazo muda mrefu na doria zipo, lakini naamini mtu akiona gunia lenye namba linamlipa zaidi kuliko lile la usiku, atalala kwake. Kwa masharti kwamba ziada ile imfikie kweli, na kwa wakati, sio miezi sita baadae.

Kikundi kitakachoshika jina kisiwe cha wenye vyeo. Serikali ina pahala pake, shirika la taifa la biashara ndilo lenye maghala na uzoefu wa soko tokea 1968, wakala wa usajili wa biashara na mali ndio wenye daftari, wizara ya kilimo wana wataalamu na miche. Wote hao muhimu. Lakini kadi ya uanachama iwe mikononi mwa wakulima, wachumaji na wachambuaji, na kura iwe moja kwa mtu, si kwa gunia. Pia wanawake wasiwekwe kupika chai ya kikao, maana kuchambua na kuanika ndiko kunakoamua daraja, na kazi hio iko mikononi mwao.

Uliniuliza kwenye ujumbe mwengine na halua nayo, nikujibu hapa kwa ufupi. Halua sukari yake inatoka nje, wanga, iliki na zafarani pia, kwa hio huwezi kusema ardhi ndio imeifanya, kinachoilinda ni ufundi wa kuisonga. Zipo lebo za ufundi kama huo, lakini jirani zetu wa Oman wana halua yao na ni ndugu wa yetu, mtaanza ugomvi wa nani mwenyewe. Ningeanza na karafuu.

Basi hatua zenyewe. Msianze na wakili. Itisheni kikao cha shehia yenu na mbili za jirani baada ya sala ya Ijumaa, waalikeni wazee wawili watatu wanaosifika kwa karafuu safi na bibi wawili wa kuchambua, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike kila wanachosema: wakati wa kuchuma, dalili ya ukoko uliokuwa tayari, siku za jua, namna ya kuhifadhi. Karatasi hio ndio mbegu ya masharti. Msimu huu mkiuza chukueni vibaba kutoka mashamba kumi tofauti, vitieni kwenye chupa kavu na jina la shamba, na muombe vipimwe mafuta. Pelekeni vyote kwa ofisi ya kilimo ya wilaya Mkoani, kisha muende kwa wakala wa usajili mkaulize fomu ya kiashiria cha kijiografia, muitaje hivyo hivyo, maana mkisema lebo tu watawapa fomu ya chapa ya biashara. Itachukua miaka, Kampot na Penja zote zilichukua miaka. Ila kikao na karatasi vinafaa hata kama jina halijasajiliwa, kwa sababu karafuu safi inapata daraja la kwanza leo leo.

Na kaka yako. Mwambie nimesema namuelewa, kijana anaetaka kuoa na baba mzee na mti umezaa kilo mbili mwaka mzima, kiwanja kinaonekana ni pesa ya mkononi. Lakini kama ni zile eka za baada ya Mapinduzi asimlete mnunuzi kabla hamjakwenda kwa sheha na ofisi ya ardhi, zile zilitolewa za kulima na haziuzwi hivi hivi, na mkarafuu nao haukatwi bila ya ruhusa, atajikuta kwenye kesi na mnunuzi anadai pesa yake. Akae na baba wahesabu miti, ipi inazaa, ipi imekauka nusu, ipi imekufa. Iliokufa iombewe ruhusa itolewe, na pale pale kabla masika hayajakwisha wapande miche, miche ya serikali inagawiwa, na kati yake atie pilipili manga na migomba ili apate chochote mwaka ujao wakati mikarafuu inakua. Mwambie anipigie yeye mwenyewe, nina mtu Mtambile aliefanya hivi hivi kwenye eka tatu kama zenu, ataenda kumuonesha shamba.